Kabureta ya Baba

Jumatatu, 2 Oktoba

Na hata hivyo, bado nasema kitanda kinaweza kungoja. Leo wanawake wenzangu wamenichokoza tena kwenye bomba la maji. Eti bibi harusi wa kulala chini. Nilicheka nao. Godoro liko sakafuni, ni kweli, lakini juu ya godoro yupo mume wangu Etabo, na mimi sioni ninachokosa.

Kaka yake aliyeko Kigoma alituambia tuchague zawadi moja ya harusi: kitanda cha mbao nzuri, au mashine ya kusafishia vyuma aliyoiona dukani huko. Etabo alinitazama tu. Hakuomba. Macho yake yalikuwa ya mtu anayesikia harufu ya chakula akiwa nje ya nyumba. Nikasema mashine. Wiki tano za ndoa, na sijajuta hata dakika moja.

Imefika leo kwa boti. Sanduku jeupe la chuma kinachong'aa, ukubwa wa sufuria ya kupikia watu ishirini. Ndani kuna kikapu cha waya. Vitufe viwili: cha kupasha maji na cha muda. Etabo ameifuta vumbi kwa shati lake la kanisa. Shati la kanisa! Nitalifua. Nampenda mno.

Jumanne, 3 Oktoba

Jua kali tangu asubuhi, kwa hiyo umeme wa kutosha kutoka kwenye paneli za jua zilizo juu ya gereji ya Etabo. Tumeiwasha saa sita.

Nilidhani itazungusha vyuma kama nguo. Hapana. Haizunguki. Inatetemesha maji kwa sauti nyembamba mno, sikio linashika mlio mdogo tu kama wa mbu. Etabo anasema mtetemo huo unazaa mapovu madogo yasiyoonekana, na kila povu likipasuka linabandua uchafu. Anaeleza kwa mikono miwili, vidole vinapasuka pasuka hewani. Ningeweza kumsikiliza mpaka jioni.

Tulijaribu kwa ile karatasi ya kung'aa kama fedha iliyobaki kwenye kufungia nyama ya harusi. Kipande kimoja, dakika mbili. Kimetoka na matundu kama kilichoumwa na mende. Kwa hiyo mapovu yapo. Yanauma kweli. Nimekihifadhi kipande hicho ndani ya daftari hili.

Paka hapendi ule mlio. Amehama.

Alhamisi, 5 Oktoba

Aibu.

Mteja mmoja alileta mnyororo wa pikipiki na meno yake, grisi nene iliyochanganyika na matope ya barabara ya Fizi. Etabo aliutumbukiza jinsi ulivyo. Nusu saa. Maji yakawa meusi kama kahawa. Mnyororo ukatoka mweusi vilevile, umelowa tu.

Mzee Lubunga, fundi wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amekuja na kigoda chake kabisa ili atazame. Yeye husafishia kwenye karai la esanse, petroli ya pikipiki, na mswaki wa zamani, miaka yote. Alicheka mpaka akakohoa.

"Etabo, mutoto wangu, hii kintu iko inaimbia grisi! Grisi haiendake kwa nyimbo!"

Watu wakacheka. Mimi nilitaka kumrushia mnyororo. Etabo alitabasamu, lakini nilimwona shingo yake. Shingo yake ikiwa ngumu hivyo, ameumia.

Kisha mzee akashauri tumimine esanse ndani ya mashine badala ya maji. Etabo akakataa mara moja. Mvuke wa esanse, maji moto na umeme mahali pamoja: tungeruka na gereji. Angalau hapo mume wangu alijibu kama mwalimu, na mzee akachukua kigoda chake.

Nyumbani nilimpikia samaki wa mikeke kwa mawese. Hakula sana.

Jumamosi, 7 Oktoba

Amegundua. Nilijua atagundua.

Mashine haiwezi kupambana na grisi nene. Mapovu yanazama mle kama miguu kwenye matope. Basi kwanza unakwangua kwa kijiti, unapitisha brashi yenye mafuta ya taa, unafuta, unaacha pakauke. Ndipo unatia kwenye maji ya moto yenye sabuni ya maji ya kuoshea sahani, kidogo tu. Na chuma kisiguse sakafu ya mashine, kining'inie ndani ya kikapu. Mnyororo uleule umetoka unang'aa mpaka ndani ya vipingili, mahali ambapo mswaki haufiki.

Nilimkumbatia mbele ya wateja. Hapa Baraka watu hawafanyi hivyo. Nimefanya.

Mzee Lubunga aliuona mnyororo. Akasema kumbe bado tunatumia brashi, sasa mashine ya nini? Nikamwonyesha ndani ya vipingili. Akasema macho yake hayaoni karibu.

Jumapili, 8 Oktoba

Kwaya, kisha kula ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa mavyala, mama yake Etabo. Ananiita "bibi yangu" kama vile mimi ni mke wake yeye. Amenifundisha kupika sabuni ya mawese na soda, ile kali ya unga, si ya kunywa. Nimepika vipande vyangu vya kwanza. Vikali kidogo, vinawasha mikono, lakini vinatoa doa la mafuta kwenye ovaroli ya Etabo kwa kupitisha mara moja. Najivunia sabuni yangu kama mtoto.

Baba amepiga simu kutoka Fizi. Pikipiki yake imekufa. Inawaka, inapiga chafya, inazimika. Yeye ni muuguzi, anapeleka chanjo kwenye vijiji vya milimani, na sasa anatembea kwa miguu, sanduku la baridi begani. Miaka hamsini na nane, na lile goti lake bovu.

Akasema: "Nasikia mukwe wangu iko na mashini ya kuogesha byuma. Basi aogeshe na yangu. Hiyo ndiyo itakuwa kazi yake."

Moyo uliruka. Kwa ukoo wetu mkwe mpya hufanya kazi moja ya mikono kwa baba mkwe. Wengine hufyeka shamba la mihogo, wengine huezeka jiko. Mpaka kazi hiyo ipokelewe, binti hapigi hodi kwao. Sijamwona Mama tangu harusi. Kilomita chache tu za kupanda mlima, na nimemkumbuka hadi harufu ya kitambaa chake.

Na Baba alitaka mkwe mwenye ofisi, si mwenye spana. Hajawahi kulisema. Hakuhitaji.

Jumanne, 10 Oktoba

Kabureta ya Baba imefika na dereva wa pikipiki, ndani ya kopo la maziwa, imefungwa kwa bandeji ya hospitali. Baba huyo.

Ni kile kipande kinachochanganya esanse na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Etabo ameifungua yote mezani. Amenionyesha jikleri, vijiti vidogo vya shaba vyenye tundu la unywele katikati. Esanse hupita hapo. Limeziba kabisa, esanse mbovu imeganda kama gundi. Sindano ukiingiza unapanua tundu, na pikipiki itakunywa esanse kama ng'ombe. Mswaki haufiki. Hii ndiyo kazi ya mashine, alisema. Hii hasa.

Amezitia jikleri ndani ya kikombe changu cha chai zilowe. Kikombe changu! Sawa.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimeharibu.

 Etabo aliitwa asubuhi ufukweni, injini ya boti. Alisema ataosha kabureta akirudi. Jua lilikuwa zuri, betri zimejaa, na mimi nikawaza: nimfurahishe. Arudi aikute imeng'aa.

Nilikwangua grisi vizuri. Brashi, mafuta ya taa, nikafuta, kila kitu jinsi alivyofanya. Kisha nikaona chupa ya sabuni ya sahani imebaki tone. Nikakumbuka sabuni yangu. Nikaikuna, kipande kizima. Na ili iwe na nguvu zaidi, nikaongeza maji ya soda yaliyobaki kwenye kupika. Nikatumbukiza ile kabureta, gamba lake na bakuli la chini. Nikabonyeza.

Mapovu yalikuwa mengi ajabu. Nilipiga makofi. Niliwaza, leo mashine inafanya kazi kuliko siku zote. Baada ya dakika kumi nikaizima.

Mapovu hayakukoma.

Mashine kimya, na maji bado yanachemka kuzunguka chuma kile.  Nilivuta kikapu. Kabureta ya Baba ilikuwa nyeusi. Si chafu. Nyeusi, kama mkaa, na ikisuguliwa inaacha weusi kwenye vidole.

Nimeifunga tena kwa bandeji na kuificha chini ya nguo zangu. Etabo alirudi amechoka, nikasema nimeumwa kichwa. Uongo wangu wa kwanza kwake. Najichukia.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nilimwambia alfajiri, kabla hajavaa viatu. Sikuweza kunywa chai naye na kile kitu chini ya nguo.

Aliigeuza geuza dirishani.  Nilikuwa nalia, si kwa upole, kwa kelele.

"Umetia soda?"

Nikatikisa kichwa ndiyo.

"Hii ni aluminiamu. Soda inaikulaka. Ile mapovu haikuwa ya mashini, mama. Ilikuwa chuma inaliwa."

Kisha akaketi sakafuni karibu nami na kunifuta uso kwa mkono wenye oili. Nimebaki na alama shavuni siku nzima na sikuitoa.

Akasema jikleri zilikuwa kwenye kikombe cha chai, hazikuguswa, na soda haina habari na shaba. Kwamba kikombe changu kimeokoa nusu ya kazi. Kwamba gamba labda litapona, labda halitapona. Kabureta nyingine ya aina hiyo haipo hapa Baraka. Ya zamani mno.

Na akasema atamwambia Baba kwamba ni yeye. "Mi ndiye fundi. Kilichoharibikia kwangu ni changu."

Nampenda, na nimekataa. Baba ataona mkwe asiyejua soda na aluminiamu. Atamwona hivyo mpaka afe. Hapana.

Ijumaa, 13 Oktoba

Ndimu kumi na mbili kutoka kwa mavyala. Nilimweleza kwa nini. Alishika kichwa. "Bibi yangu! Sabuni ni ya nguo na batu! Si ya piki!" Kisha akacheka, kisha akanipa ndimu nyingine tatu.

Etabo amesugua kwa maji ya ndimu na mswaki, taratibu, kama anayemwosha mtoto mchanga. Weusi unatoka. Chini yake chuma kimefifia, kijivu, hakina mng'ao, lakini ni chuma. Jikleri amezipitisha kwenye mashine zenyewe tu, maji safi, sabuni ya sahani mpya, dakika kumi na tano. Ameinua moja kwenye jua na kuniita. Nilitazama katikati. Nukta ya mwanga, duara kamili.

Sikuwahi kufikiri ningeona kitu kizuri hivyo ndani ya kipande cha pikipiki.

Kabla ya magharibi ameifunga kwa muda kwenye pikipiki yake mwenyewe, si ya aina ile lakini inakubali kujaribia. Ikawaka! Nikapiga kelele. Halafu esanse ikaanza kudondoka. Tone, tone, tone, pale bakuli linapokutana na gamba. Soda imekula ukingo, haukai sawa tena.

Etabo amefunga esanse na kunawa mikono. Hajaimba wakati wa kunawa. Huwa anaimba.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mama amepiga simu. Baba amekwenda vijijini kwa miguu tangu jana, mvua imempata njiani, goti limevimba. Alisema kama habari ya kawaida tu.

Nimeketi nyuma ya gereji na kuomba. Niliombea goti lile tu.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimempigia Baba mwenyewe. Etabo alikuwa amesimama mbele yangu anatikisa kichwa: usiseme, usiseme. Nimesema. Sabuni yangu, soda, mapovu, weusi, kuvuja. Nilisema mume wangu hakuwepo, na kwamba tangu Alhamisi anarekebisha kosa langu.

 Nilisikia anavuta kiti.

"Furaha," akasema. Jina langu lote, bila "mama", bila chochote. 

"Mwaka tuliooana, mama yako alifuaka koti yangu pamoja na daftari ya chanjo ndani. Majina ya batoto ba vijiji vitatu. Yote ikawa uji."

Nyuma yake nikasikia Mama anapaza sauti: "Haukuniambia kama iko ndani ya mufuko! Miaka salasini na bado unanisemea!"

"Nilirudia vijiji vitatu kwa miguu," Baba akasema. "Sikumurudisha kwao."

Kisha akauliza, kwa sauti ya kazi, je, inavuja wapi. Nikampa Etabo simu. Walizungumza dakika nyingi. Etabo alikuwa amesimama wima kama mbele ya mwalimu mkuu. Nikamsikia anasema "ndiyo, papa" mara nyingi, na mwishoni akacheka. Baba amemchekesha! Sijui kwa neno gani. Hataki kuniambia.

Jumatano, 18 Oktoba

Kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika wakati wa harusi. Juu yake msasa laini, umelowa maji. Juu ya msasa ukingo wa kabureta ulioliwa, ili unyooke, na mkono wa Etabo unazunguka, unazunguka, kama anayechora nane ndogo. Saa nzima. Kila mara anapima kwa kucha.

Nilikata gasketi mimi, ile karatasi ya kuziba kati ya bakuli na gamba. Kutoka kwenye katoni ya biskuti, kwa mkasi wangu wa nywele, kwa kufuata alama aliyochora. Mara ya kwanza niliharibu. Mara ya pili mikono ilitulia. Alitazama gasketi yangu na kusema mafundi wawili sasa. Mafundi wawili! Nimeandika mara mbili ili nisisahau.

Tumeifunga. Tumefungua esanse. Tukasubiri tumepiga magoti pande mbili za pikipiki, vichwa vinakaribiana, tunatazama pale chini.

Hakuna tone.

Hakuna tone!

Imewaka kwa teke la kwanza. Imetulia. Pu-pu-pu-pu, sawasawa, kama mtu aliyelala vizuri. Etabo amezunguka nayo mpaka sokoni na kurudi, mimi nyuma, nimemshika kiunoni zaidi ya inavyohitajika.

Alhamisi, 19 Oktoba

Kabureta imepanda Fizi asubuhi, ndani ya kopo lake la maziwa, bandeji ileile nimeifua kwa sabuni yangu. Kwa bandeji inafaa. Ndani nimeweka karatasi ya Etabo inayoeleza jinsi ya kuifunga.

Mchana, kabla wateja hawajarudi, Mzee Lubunga amevuka barabara akiwa na kitu ndani ya gazeti. Jikleri mbili. Zimemshinda. Alitazama huku na huku.

"Bibi ya fundi. Hii kintu yenu... inaweza kuimbia na hizi?"

Nilitaka kusema mambo mengi. Nilisema: karibu, mzee, keti.

Zimetoka safi. Amezitazama kwenye jua, na macho yake leo yameona karibu vizuri kabisa.

Jumamosi, 21 Oktoba

Hakuna simu kutoka Fizi. Mtandao wa mlimani labda. Nimefua ovaroli mbili na nimetwanga na kupika sombe, majani ya mihogo. Etabo amefungua na kufunga nati ileile mara tatu bila sababu.

Jumapili, 22 Oktoba

Mvua nyepesi tangu tulipotoka kanisani. Ziwa limepotea ndani ya ukungu, rasi ya Ubwari haionekani.

Simu ililia tukiwa tunakula. Baba. Hakusalimu. Nilisikia upepo, kuku, kisha ule mlio. Pu-pu-pu-pu. Aliishikilia simu karibu na injini muda mrefu. Etabo aliacha tonge lake na kuinamisha kichwa karibu na changu, sikio kwa sikio, tukasikiliza pikipiki ya Baba kwa pamoja.

Kisha akazima na kusema inanguruma vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Kwamba kesho anapanda vijijini, ameketi, si kwa miguu. Kwamba gamba ni baya kwa sura, na kwamba hata yeye si mzuri kwa sura, na anafanya kazi.

Akasema kazi ya mkwe imepokelewa.

Etabo alitoka nje, akasimama chini ya ukingo wa bati. Nilimwacha kidogo. Kisha nikamfuata, nikaweka mkono mgongoni mwake.  Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati, na nilikuwa namhesabia pumzi.

Mashine nimeifunika kwa kanga ya harusi. Godoro bado liko chini. Sabuni nitapika nyingine, na soda nitapunguza.

Mama alichukua simu mwishoni. Aliniuliza ninataka anipikie nini.  Nikasema chochote, Mama, na tutakuja, mimi na yeye, kwa pikipiki yetu, kabla mwezi huu haujaisha.